Mwambie Sipo

Nilipohamia kwa Anti, Etobicoke, nilidhani nitakaa miezi miwili mitatu kisha nitaondoka, kama nilivyozoea. Nilikuwa nimeshakaa Regent Park, enzi zile nyumba za zamani hazijabomolewa, na baadaye Mississauga katika chumba cha chini ya ardhi ambacho dirisha lake lilitazama magurudumu ya gari la mwenye nyumba. Kabla ya Kanada nilikaa Muscat, na kabla ya Muscat, Nairobi. Sijawahi kupapenda mahali nikiwa bado nipo hapo. Nikishahama ndipo napakumbuka. Hata Muheza nilikozaliwa naipenda kwa namna hiyo, nikiwa mbali nayo, na nadhani mama yangu alilijua hilo kabla yangu.

Anti alikuwa mjane wa Kisri Lanka, mama wa makamo aliyeanza kuzeeka, mfupi, nywele nyeupe amezifunga kisogoni. Kila mtu pale ghorofani alimwita Anti, hata fundi wa lifti. Yeye aliniita putha, ambalo kwa lugha yake ni mwanangu. Tuliongea Kiingereza. Chake kilikuwa kizuri. Changu kilikuwa cha kidato cha nne, kikaongezewa maneno ya dobi kubwa karibu na uwanja wa ndege, mahali nilipokuwa nakunja mashuka ya mahoteli.

Siku ya kwanza alinipa masharti tukiwa jikoni. Viatu mlangoni. Sigara hapana. Pombe hapana. Na ndani ya nyumba ile hakiuawi kitu.

"Hata mende?" nikauliza.

"Hasa mende," akasema. "Simba humu hawaji."

Mende aliwakamata kwa glasi na kipande cha kadibodi, akashuka nao kwa lifti hadi kwenye majani. Siku menejimenti ya jengo ilipobandika tangazo kwamba watu wa dawa watapita kila nyumba, alihangaika sana. Tangazo lilitaka kila mpangaji atoe vyombo kabatini. Alivitoa vyote, akavifunika kwa shuka, kisha akakaa kwenye kiti anavitazama.

"Sikuwaita hao watu," akaniambia. "Na siwezi kuwazuia. Lakini vyombo nimevitoa mimi, ili dawa ifike vizuri. Hapo ndipo nasumbuka."

Swali hilo alilipeleka kwa watawa wake. Aliporudi nikamwuliza wamesemaje. Walimwambia asafishe jiko vizuri zaidi ili mende wasije. Alicheka mpaka akakohoa, lakini jiko akalisafisha.

Alikuwa anafuata kanuni tano za Kibuddha: kutoua, kutochukua usichopewa, kutozini, kutosema uongo, kutotumia kilevi. Nilimwambia hizo hata sisi Waislamu tunazo, nilifundishwa chuoni nikiwa mtoto. Akasema anajua. Ila kwao, alinieleza, hakuna anayekuamuru. Unajitwisha mwenyewe, na ukiivunja moja unajitwisha tena. Na ukifanya jema unapata kitu ambacho yeye alikiita kwa Kiingereza, na ambacho mimi nilikifasiri kichwani kuwa thawabu. Thawabu hizo unaweza kumgawia mtu mwingine, hata marehemu.

Marehemu wake alikuwa mumewe, aliyefariki miezi michache kabla sijahamia. Picha yake ilikuwa sebuleni, mwanamume mwenye tabasamu pana, ameegemea gari.

"Alikuwa anauza magari yaliyotumika," Anti aliniambia. "Mtu mzuri sana, na mwongo sana. Gari likitoa moshi, yeye anasema ni unyevu. Watu walimpenda, wakarudi kununua jingine."

Kwa hiyo alijiwekea nadhiri. Mwaka mzima tangu kifo cha mumewe angezishika kanuni zote bila kuvunja hata moja, hasa ile ya nne, ya uongo, kwa sababu ndiyo iliyompungukia mumewe. Thawabu za mwaka huo zote zingekuwa za marehemu. Siku za mwezi mpevu alivaa nguo nyeupe, hakula chochote baada ya adhuhuri, akakaa sebuleni anasoma. Nilikuwa napita kwa vidole vya miguu.

Sasa niseme habari ya simu.

Dada yangu, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa anapiga kila Jumapili kutoka Muheza, mama akiwa kando yake. Huku ilikuwa asubuhi. Mama alikuwa na swali moja tu: unakuja lini? Mwaka wa kwanza nilijibu nikimaliza mkataba. Wa pili nikasema baada ya baridi. Alikipaka chokaa chumba changu, akanunua kitanda. Sikumwambia kwamba karatasi zangu zilikuwa bado zinashughulikiwa na nikitoka nisingeweza kurudi. Wala sikumwambia lile jingine, ambalo hata mimi sikulisema kwa sauti: kwamba hata karatasi zingekuwepo, sikuwa na hakika ningepanda ndege. Basi nikawa sipokei.

Kwetu kumtuma mtu aseme haupo si jambo kubwa. Mimi mwenyewe nilitumwa mlangoni mara nyingi nikiwa mdogo, na kazi hiyo niliiweza. Regent Park nilikaa na Mkenya mmoja aliyeifanya kwa raha zake zote. "Mathe, ametoka tu saa hii, ameenda kununua maziwa. Eeh, maziwa. Huku maziwa ni mbali, mathe, ni safari ya kubeba chakula njiani!" Namsikia mama anacheka upande wa pili. Alimpenda sana yule kijana. Wakati mwingine nadhani alipiga ili aongee naye.

Kwa Anti simu ilikuwa ya mezani, sebuleni. Jumapili ya kwanza ilipolia nilikuwa nakunywa chai.

"Anti, kama ni dada yangu, mwambie sipo."

Mkono wake ulisimama juu ya simu. "Lakini upo."

"Ndiyo. Mwambie tu sipo."

"Putha, upo. Nakuona."

Simu inaendelea kulia. Nikaikunja mikono yangu kama mtu anayeomba. Alinitazama, akaitazama picha ya mumewe, kisha akanishika kiwiko, akanipeleka mlangoni mbiombio, akafungua, akanisukuma nje kwenye korido na kufunga. Nilibaki nimesimama na soksi, kikombe mkononi. Nikamsikia anasema, polepole, kwa sauti ya mtu anayesoma: "Hapana. Hayupo ndani ya nyumba."

Jirani wa mkabala, mama wa Kisomali aliyekulia Mombasa, alikuwa anatoka kwenye lifti na kitoroli chake cha sokoni.

"Kwani ushafukuzwa?"

"Hapana, dada. Nasubiri simu iishe."

"Simu iko ndani na wewe uko nje?"

"Ndiyo."

Akatazama soksi zangu, akatazama kikombe. "Haya," akasema, akafungua mlango wake. "Nchi hii."

Ikawa desturi. Jumapili simu ikilia naondoka mwenyewe; nilianza kuacha ndala karibu na mlango. Niliona ni ujanja safi, hakuna aliyedanganya. Dada alipouliza narudi saa ngapi, Anti alijibu hajui, na kweli hakujua, maana ilitegemea dada atakata simu saa ngapi. Niliwasimulia wenzangu kazini tukiwa tunakunja mashuka, wakacheka hadi msimamizi akaja kuangalia kuna nini. Ambaye hakucheka ni Anti. Baada ya kila simu alikuwa anakaa kwa muda mbele ya sanamu yake ndogo ya Buddha, mikono mapajani, na mimi naingia chumbani kwangu nikiwa na haraka ya uongo.

Siku moja ya mwezi mpevu aliniomba nimsaidie kubeba masufuria hadi hekaluni, Mississauga. Hekalu lenyewe lilikuwa nyumba ya kawaida ya familia kwenye mtaa wa nyumba za kawaida, gereji imegeuzwa ukumbi, na rundo la viatu vya theluji mlangoni. Watu walikuwa wamekuja na chakula, maana watawa hawapiki wala hawali baada ya adhuhuri, wanakula walichopewa. Anti alipakua wali mwekundu, dengu, na sambo, kachumbari yao ya nazi niliyomkunia mimi jana yake, kazi pekee ya jikoni niliyoiweza kuliko wao.

Walipomaliza kula, alipiga magoti mbele ya mtawa mzee, aliyevaa sweta la sufu juu ya joho lake. Alianza kwa Kisinhala. Kisha akanitazama nilivyosimama nyuma na sufuria tupu, akarudia kwa Kiingereza ili nisikie. Hakuficha chochote. Alieleza mlango, korido, maneno aliyoyasema kwenye simu.

Mtawa alifikiri. "Maneno yalikuwa ya kweli?"

"Ya kweli. Hakuwa ndani."

"Ulipomtoa nje, ulitaka yule wa kwenye simu aamini nini?"

Anti alitazama mkeka. Mtawa alimwuliza tu kama ule wali unauzwa maduka ya hukuhuku.

Nilikuwa nalijua jibu. Chuoni Muheza maalimu alitufundisha nia kabla ya kutufundisha kutawadha. Mtoto wa miaka saba angemjibu yule mtawa.

"Lakini ni mimi niliyemwomba," nikasema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia. "Kosa liwe langu. Yeye alinionea huruma."

"La kwako unalo," mtawa akasema bila ukali. "Hili ni la kwake."

"Si mnasema thawabu mtu anaweza kumpa mwingine?"

"Thawabu, ndiyo. Kosa, hapana. Tungekuwa tunaweza, wazazi wangebeba yote."

Kwenye basi Anti alikaa dirishani. Theluji ya pembeni mwa barabara ilikuwa imeshakuwa nyeusi. Nilitaka anifokee. Kwetu mtu angenifokea, ningejitetea, tungemaliza. Yeye aliuliza kama nimesahau mfuniko wa sufuria dogo.

"Anti, nadhiri yako."

"Naanza upya leo," akasema.

"Kwa ajili yangu."

"Hapana, putha. Kwa ajili yake." Akavuta glovu zake. "Alikuwa ananisubiri nikivaa viatu, mume wangu, hata saa nzima. Atasubiri tena."

Toka siku hiyo sikumwomba tena. Jumapili nilikuwa naondoka kabla simu haijalia, nikazunguka kwenye maduka ambayo hayajafunguliwa, ili akisema sipo iwe kweli kabisa. Niliita hiyo heshima.

Mwaka wa kifo ulipotimia, ndugu wa marehemu walikuja kutoka Ottawa na kwingine kwa ajili ya sadaka ya chakula kwa watawa. Siku ilikuwa imeshapangwa, haingeweza kusogezwa. Ukumbi wa gereji ulijaa watu wenye nguo nyeupe. Nilipewa kazi ya kupitisha chai.

Shemeji yake, mzee mrefu mwenye sauti ya kuhutubia, alisimama kushukuru. Akasema kaka yao ana bahati, maana mkewe ameshika kanuni zote mwaka mzima bila doa, na popote alipo amepata mzigo wa thawabu ambao yeye mwenyewe, tukubali, asingejipatia. Watu wakacheka kwa upendo.

Anti aliinua mkono kama mwanafunzi.

"Si mwaka," akasema. "Ni miezi minne. Nilivunja ya nne."

Shemeji alibaki amesimama, hajui akae au aendelee. Msichana mmoja, mpwa wake, akauliza, "Ulisema nini, Anti?"

"Nilimwambia mtu kwamba ndugu yake hayupo, naye alikuwa nyuma ya mlango."

Basi walicheka. Walicheka wote, kicheko cha watu waliotua mzigo. "Hicho tu?" "Anti jamani!" "Kama ni hicho tu, marehemu angekuita mtakatifu!" Hata watawa wadogo walitabasamu. Anti hakucheka, wala hakukasirika. Alisubiri wamalize.

"Mwenyewe alikuwa nani huyo, nyuma ya mlango?" mpwa akauliza, bado anacheka.

"Hilo ni lake kusema."

Hakunitazama. Alitazama vikombe. Kulikuwa na nafasi hapo, ndefu ya kutosha kwa mtu kusema maneno mawili, na mimi nilikuwa na sinia mikononi na midomo yangu mwenyewe. Mtu akaomba sukari. Nikampelekea sukari.

Mwishoni wanafanya jambo moja kwa ajili ya marehemu. Wanamimina maji kutoka kwenye birika hadi kikombe, polepole, mpaka kijae na kumwagikia kwenye sahani, huku watawa wanasoma. Ndugu wanashika birika pamoja, na wasioifikia wanawashika mabega walio mbele. Anti aliniita kwa kidole. Nilitikisa kichwa. Akaita tena, na watu wakaanza kugeuka, ikawa kukataa ni aibu kubwa kuliko kwenda. Nikapiga magoti, akauchukua mkono wangu na kuuweka kwenye mpini wa birika, juu ya wake.

"Na mama yako," akaninong'oneza. "Miezi yangu minne, nusu yake."

"Anti, mama yangu yu hai."

"Walio hai nao hupewa. Ila lazima ajue, na aipokee kwa furaha. Asipojua, haimfikii."

Maji yalikuwa yanamwagika. Sikumwambia mimi ni Mwislamu, alilijua. Nilikuwa nafikiria kitu kimoja tu, kwamba huyu mama amekatwa mwaka wake kwa ajili yangu, sasa anagawa nusu ya kilichobaki, na kifike au kisifike kunategemea mimi nipige simu.

Mchana, tukiwa tumerudi, alikaa kwenye kiti chake sebuleni na mguu wake juu ya stuli. Nilikwaruza kadi ya kupigia, nikabonyeza tarakimu zile nyingi, nikakosea, nikarudia. Muheza walikuwa wameshakula cha usiku. Alipokea mama mwenyewe.

"Nani?"

"Ni mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Wewe nani?"

"Mwanao."

"Ah," akasema. "Umerudi? Leo ulikuwa umetoka kwenda wapi?"

Nilimwambia. Nilianza na thawabu kwa sababu ndizo nilizotumwa, nikasema kuna mama hapa wa dini nyingine amekupa sehemu ya mema yake. Akauliza kwa nini mtu asiyemjua ampe mema yake. Kwa swali hilo nikawa sina njia nyingine. Nikasema Jumapili zote nilikuwepo. Nikasema kwa Anti nilisimama koridoni, na kwa yule Mkenya nilikuwa kitandani. Nikasema siji mwaka huu, wala sijui lini, karatasi zangu hazijatoka, na kwamba sijui kama ni karatasi peke yake.

Upande wa pili nilimsikia anaipunguza sauti redio ya nyumba yetu.

"Na hayo maziwa?" akauliza.

"Hapakuwa na maziwa, mama."

"Mimi nimewaambia watu hapa kijana wangu anafanya kazi hata Jumapili," akasema. "Wananipa pole." Kisha, "Huyo mama yuko hapo?"

"Yupo."

"Mpe simu."

"Hajui Kiswahili."

"Nimesema mpe."

Nikampa. Anti alishusha mguu kwenye stuli, akakaa wima kama aliyeitwa ofisini. Mama aliongea. Simu ile ilikuwa na sauti kubwa, na mama yangu anaamini mtu wa mbali lazima upaze sauti, kwa hiyo nilisikia kila neno. Anti alikuwa anaitikia "ndiyo, ndiyo" kwa Kiingereza, macho yake kwangu. Halafu akafunika simu kwa kiganja.

"Anasemaje?"

Ningeweza kusema anakusalimu tu. Hata hilo lilikuwamo.

"Anakusalimu," nikasema. "Anasema asante, lakini hizo thawabu uzichukue mwenyewe, wewe ndiye uliyepungukiwa." Sauti ya mama ilikuwa bado inasikika kwenye kiganja cha Anti. "Anasema umsamehe."

"Nimsamehe yeye? Kwa lipi?"

"Anasema hakunilea hivi."

Anti aliondoa mkono kwenye simu, akaiweka tena sikioni. Mama alikuwa anairudia sentensi ileile, kwa upole zaidi, kama mtu anayemfundisha mgeni neno. Nami nikaendelea kumtafsiria.